Maswali Yenu: Kwenda Ohlsdorf, alikozikwa Bi Salme

Barua kadhaa zilizotufikia zinaulizia mahali pamoja: makaburi ya Ohlsdorf mjini Hamburg, Ujerumani. Huko ndiko alikozikwa Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, ambaye Wajerumani wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Tumezijibu kwa pamoja.

Shikamoo mhariri. Nakwenda Hamburg kwa mafunzo ya miezi mitatu, na wazee wangu wa Mtoni wameniagiza nisirudi bila kulizuru kaburi la Bi Salme. Nimetazama ramani ya simu, naona msitu tu. Naanzia wapi? (Msomaji, Bububu, Unguja)

Marahaba. Msitu uliouona ndio makaburi yenyewe. Ohlsdorf ina ukubwa wa takriban hekta 389, na kutoka lango kuu la magharibi hadi mwisho wake wa mashariki, upande wa Bramfeld, ni kama kilomita nne. Ilifunguliwa mwaka 1877. Mchoraji wake, Wilhelm Cordes, aliipanga kama bustani ya kutembelea, yenye mabwawa, vichaka na njia zinazopindapinda. Ndiyo maana ni pazuri, na ndiyo maana watu hupotea.

Wengi wanaotoka kwetu hukosea kwenye jina. Wanauliza "Princess Salme" na hawapati kitu, kwa sababu daftari la makaburi linafuata jina la ukoo wa mume. Andika Ruete kwenye karatasi, na chini yake mwaka wa kufariki, 1924. Mwonyeshe karani karatasi hiyo badala ya kulitamka jina, maana matamshi ya Kijerumani yatawachelewesha nyote wawili.

Kutoka stesheni kuu ya Hamburg panda treni ya mji, U1 au S1, ushuke Ohlsdorf, safari ya kama dakika 20. Ukitoka, lango kuu liko ng'ambo ya barabara ya Fuhlsbüttler Straße. Usiingie ndani kwanza. Hapo langoni ndipo palipo ofisi na sehemu ya maelezo kwa wageni, na hapo unahitaji vitu viwili: ramani ya karatasi, na anwani ya kaburi. Makaburi yote yamegawanywa kwa miraba, na kila mraba una herufi na namba. Namba ndogo ziko upande wa lango kuu, zinapanda kadiri unavyokwenda mashariki. Kwa hiyo ukipewa namba ya makumi mawili au zaidi, jua kuna mwendo wa maana mbele yako. Ofisi hufungwa mwishoni mwa wiki, kwa hiyo nenda siku ya kazi, asubuhi. Ukiwa huna namba siku ya Jumapili utazunguka mpaka miguu ivimbe.

Ndani ya makaburi kuna mabasi ya kawaida ya mji, namba 170 na 270, na tiketi yako ya treni inatumika humo. Vituo vingi vina majina ya kapela, yaani vikanisa vidogo vya mazishi, na namba zake. Linganisha mraba wako na kapela iliyo karibu, shuka hapo, kisha tembea. Hesabu njia za lami badala ya miti, kwa sababu katika sehemu ya zamani makaburi ya koo yamejificha nyuma ya vichaka na unaweza kupita hatua tano tu kutoka kwenye jiwe usilione. Ukifika kwenye mraba, zunguka pande zote nne kabla ya kukata tamaa.

Tenga saa mbili kwa kaburi hilo peke yake. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni ndio wakati bora, maana vichaka vya rododendroni huwa vimechanua. Desemba usithubutu kwenda mchana sana: jua linazama kwenye saa 10 jioni, na humo ndani taa ni za kutafuta. Malango ya magari hufunguliwa saa 2 asubuhi, na hufungwa saa 3 usiku kuanzia Aprili hadi Oktoba, saa 12 jioni kuanzia Novemba hadi Machi. Kumbuka mabango yao yanasema 8, 21 na 18. Vaa viatu visivyopitisha maji, kwa sababu majani hayakauki upesi.

Ndege yangu inaondoka Hamburg saa 3 usiku na hoteli wananitoa saa 6 mchana. Nitawahi? (Msomaji, Mombasa)

Utawahi vizuri. Kutoka Ohlsdorf hadi uwanja wa ndege ni kituo kimoja tu cha S1, dakika kama tatu. Angalia jambo moja wakati wa kuondoka: S1 inayotoka mjini hukatwa vipande viwili pale pale Ohlsdorf. Mabehewa ya mbele yanakwenda uwanjani, ya nyuma yanakwenda Poppenbüttel. Soma ubao ulio juu ya jukwaa na maandishi ya ubavuni mwa behewa. Anayekaa nyuma akisinzia huamkia kwingine kabisa.

Sanduku liache kwenye makabati ya kukodi ya stesheni kuu. Kulikokota kwenye njia za changarawe ni adhabu.

Nimesikia Bi Salme alichomwa moto. Ni kweli, au ni maneno ya watu? Na ule mchanga wa Zanzibar? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli kwamba kilichozikwa ni majivu yake, katika kaburi la ukoo wa Ruete. Alifariki mjini Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79.

Ili jambo hili lisishangaze sana, tazama safari yake. Alizaliwa katika jumba la Beit al-Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Agosti 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, HMS Highflyer, hadi Aden. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa na kufunga ndoa huko huko Aden, siku moja. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, akidai urithi wake; ile mara ya kwanza ndugu yake Seyyid Barghash, aliyekuwa Sultani, hakukubali kumwona, na mara ya pili Barghash alikuwa ameshafariki. Waliomzika walikuwa watoto wake, waliolelewa Kijerumani, na kuchoma maiti lilikuwa jambo la kawaida katika tabaka lao.

Kuhusu mchanga, husimuliwa kwamba katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, nao ukazikwa pamoja naye. Kama ni halali kumsomea Fatiha au la, hilo muulize sheikh wako, si sisi.

Tuongeze jambo ambalo waongozaji wengi hulipita haraka. Mwaka 2019 kiwanja kimoja cha mtaa wa Uhlenhorst mjini Hamburg kilipewa jina la Emily Ruete, na muda si mrefu baadaye halmashauri ikaamua kuliondoa. Sababu ni kwamba katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, aliutetea utumwa na kuwaandika Waafrika kwa dharau. Anayekwenda kumzuru ni vizuri ayajue yote mawili, upweke wake na maneno yake.

Nikishafika, nani mwingine wa kumtazama? Sitaki orodha ya waigizaji wa Kijerumani nisiowajua. (Msomaji, Dar es Salaam)

Waigizaji basi tunawaacha, na ni wengi. Kwa msomaji wa kwetu tungechagua wanne na kaburi moja la halaiki.

Wa kwanza ni Heinrich Hertz, mwanafizikia aliyezaliwa Hamburg mwaka 1857 na kufariki mapema mwaka 1894, akiwa na miaka 36 tu. Kati ya 1886 na 1888 alithibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo. Kila mtangazaji anapotaja masafa ya redio yake kwa megahezi, analitaja jina la huyu bwana. Kaburi halina makuu, ndiyo maana wengi hulipita.

Wa pili ni Adolph Woermann, mwenye meli, aliyefariki mwaka 1911. Kampuni yake ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Deutsche Ost-Afrika Linie mwaka 1890, zile meli zilizounganisha Hamburg na Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Mizigo, maofisa na askari wa ukoloni walisafiri kwa meli za namna hiyo. Mtazame pamoja na Albert Ballin, mkuu wa kampuni kubwa ya meli ya HAPAG, aliyefariki Novemba 1918 siku zile dola ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, ilipoanguka. Ukisimama kwenye makaburi haya mawili utaelewa mji huu ulitajirikaje.

Wa nne ni Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama, aliyefungua bustani ya wanyama ya Stellingen mwaka 1907. Waongozaji watakuonyesha mahali pa simba wake wa shaba aliyelala, na kukuambia kwamba sanamu hiyo iliibwa mwaka 2014. Wasichosema mara nyingi ni kwamba kuanzia miaka ya 1870 Hagenbeck alionyesha pia watu, kutoka kaskazini ya mbali hadi Afrika, kwa viingilio. Muulize mwongozaji wako, uone atajibuje.

Halafu panda basi uende upande wa mashariki, kwenye kaburi la waliouawa kwa mabomu ya ndege za Waingereza na Wamarekani mwezi Julai na Agosti 1943. Limechimbwa kwa umbo la msalaba mkubwa mno, na humo wamo takriban watu 37,000. Katikati kuna jengo la mawe lenye sanamu ya Gerhard Marcks, iliyozinduliwa mwaka 1952: mvushaji wa hadithi za Kigiriki akiwavusha wafu mtoni. Katika Ohlsdorf nzima hakuna mahali panapostahili muda wako kuliko hapa. Usipaache mwisho ukiwa umechoka. Anzia huku kwa basi, kisha rudi magharibi kwa miguu kuelekea lango kuu. Hivyo unamaliza karibu na treni, choo na mahali pa kupata chai, maana ndani ya makaburi hutakuta duka njia nzima.

Mzunguko wote huo ni nusu siku. Ukiwa na baiskeli, inaruhusiwa kwenye barabara za ndani, na unaokoa zaidi ya saa nzima.

Babu yangu alikuwa baharia, akafia Hamburg miaka ya 1980. Nikienda Ohlsdorf nitalikuta kaburi lake? (Msomaji, Lamu)

Usiweke matumaini makubwa, na usianzie Ohlsdorf. Ujerumani kaburi hukodishwa. Muda wa kupumzika maiti Hamburg ni miaka 25. Kaburi la ukoo unaweza kulipia tena ukaongeza miaka, lakini kaburi la kawaida la mstari haliongezwi. Muda ukiisha, jiwe linaondolewa na ardhi inaweza kutumika upya. Aliyezikwa mwaka 1985 bila mtu wa kulipia, yaelekea jiwe lake halipo tena.

Lakini daftari hubaki. Na kama babu alikuwa Mwislamu, ulizia kwanza makaburi ya Öjendorf, mashariki ya mji, yenye maeneo makubwa ya Waislamu ambako makaburi yamelazwa kufuata kibla, ambayo kutoka Hamburg ni kusini-mashariki. Ohlsdorf nako lipo eneo la Waislamu.

Andaa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufariki. Penye jina ndipo panapoharibika: karani Mjerumani huchukua neno la mwisho kama ukoo, kwa hiyo Ali Omari Bakari anaweza kuwa ameandikwa chini ya Bakari, au Omari, au hata Ali. Omba watafute kwa majina yote matatu, na kwa tahajia tofauti. Kama hujui tarehe ya kufariki, daftari za vifo zilizotimiza miaka 30 hupelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Hamburg, na hapo mtu yeyote anaweza kuomba nakala kwa ada. Zilizo mpya zaidi hutolewa kwa ndugu wa karibu wenye hati za kuonyesha ujamaa.

Naweza kumpelekea Bi Salme udongo wa Mtoni na mche wa asumini, na kulisafisha jiwe? (Msomaji, Michenzani, Unguja)

Udongo hapana: kuingiza udongo kutoka nchi zetu katika Umoja wa Ulaya kumekatazwa kwa sababu ya magonjwa ya mimea, na mche usio na cheti cha afya ya mimea utachukuliwa forodhani. Hata ukipita, kupanda kitu kwenye kaburi la ukoo wa wengine hairuhusiwi, na asumini yetu haiwezi baridi ile.

Jiwe usilisugue. Brashi ngumu, siki na sabuni ya unga hula maandishi ya mawe ya zamani. Majani makavu yaondoe kwa mkono, basi. Picha piga, ila ukiona mazishi yanapita simama kando, simu mfukoni. Maua yaliyokatwa yanaruhusiwa, na wauza maua wako nje karibu na lango kuu.