Kolesistokinini: jina lina maana gani, na liandikweje?

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Tunaandaa kipeperushi cha wagonjwa wenye mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kitabu kimoja kinataja homoni ya kolesistokinini, kingine CCK, kingine cha zamani pankreozimini. Ni homoni tatu? Na naweza kuandika tu "homoni ya nyongo"?

Jibu: Ni homoni moja, ndugu muuguzi, na CCK ni kifupi tu cha jina lake la Kiingereza, cholecystokinin. Jina limeunganishwa kwa vipande vitatu vya Kigiriki: kole ni nyongo, sisto ni mfuko, na kini ni kusogeza au kutikisa. Yaani kitu kinachousukuma mfuko wa nyongo. Hiyo kini ndiyo iliyozaa neno sinema, picha zinazotembea. Haina undugu na kwinini ya malaria, hata kama sikio linakuvuta huko. Kole nayo imo kwenye kolesteroli, ambayo ilipatikana kwanza kwenye mawe ya nyongo yenyewe.

Majina yakawa mawili kwa sababu kila mtafiti aliona kazi moja. Mwaka 1928 Ivy na Oldberg, Marekani, waliona mfuko wa nyongo ukijibana, wakaita kolesistokinini. Mwaka 1943 Harper na Raper, Uingereza, waliona kongosho likimwaga vimeng'enya vya kusaga chakula, wakaita pankreozimini. Katika miaka ya 1960 Jorpes na Mutt, kule Uswidi, walipoisafisha kutoka utumbo wa nguruwe, ikadhihirika ni kitu kimoja, na jina la kwanza likabaki. Namba kama CCK-8 au CCK-33 ni idadi ya amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyoiunda, katika kila umbo la homoni hii. Si aina za ugonjwa wala viwango vya kipimo.

"Homoni ya nyongo" nisingeiandika. Homoni hii haitoki kwenye nyongo, wala kwenye ini. Inatengenezwa na seli za ukuta wa mwanzo wa utumbo mwembamba pale mafuta na protini vinapofika, inapita kwenye damu, kisha inaubana mfuko wa nyongo na kulegeza mlango ambao nyongo hupitia kuingia utumboni. Papo hapo inachochea kongosho, inachelewesha tumbo kumwaga chakula, na inaupa ubongo taarifa ya shibe. Msomaji akiona "homoni ya nyongo" atadhani nyongo ndiyo inayoitoa.

Kisarufi iweke ngeli ya I-ZI kama homoni yenyewe: "kolesistokinini imetolewa", si "kimetolewa". Wingi hauhitaji ma-. Taja jina kamili mara moja, kisha endelea na CCK. Tena hayo ni kwa kitini cha wauguzi. Kwa mgonjwa jina halina faida. Mwandikie hivi: "Ukila chakula chenye mafuta, utumbo hutoa homoni inayobana mfuko wa nyongo. Jiwe likiziba njia, mfuko unabana bila kupata pa kutolea, ndipo unasikia maumivu chini ya mbavu za kulia, pengine hadi begani." Hapo ameelewa kwa nini nyama choma ya jana ilimwamsha usiku.

Sehemu ambayo kipeperushi kisiikose ni maandalizi ya ultrasaundi. Mgonjwa anaambiwa "usile", anaacha ugali lakini asubuhi anakunywa kikombe cha chai ya maziwa, au bakuli dogo la mtori kwa kuwa ni laini. Kwa CCK hicho ni chakula kamili: mafuta ya maziwa na ya nyama yanaiamsha, mfuko unajikunja, ukuta wake unaonekana mnene kama wenye ugonjwa, na mawe madogo yanajificha kwenye mikunjo. Kipimo kinarudiwa na nauli inalipwa mara mbili.

Kwa hiyo taja saa, usiseme "tumbo tupu" peke yake. Afunge kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Kipimo kikiwa saa mbili asubuhi, asile chochote baada ya saa sita usiku, na chai ya maziwa, uji, supu na mtori viandikwe kwa majina. Maji matupu kidogo kwa kawaida hayana shida. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari apangiwe wa kwanza asubuhi, na aulize kliniki yake kuhusu dozi kabla ya siku hiyo.