Tairodi mpya, usukani unacheza

SWALI: Fundi, nilifunga tairodi (fimbo ya chuma inayogeuza magurudumu ya mbele) nene isiyo ya kiwandani kwenye gari langu la porini. Wiki tatu tu, usukani unacheza na raba ya endi moja (kiungo cha ncha ya tairodi) imechanika. Muuzaji anadai nimefunga vibaya. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza usiliendeshe. Endi ikichomoka, gurudumu linafuata njia yake.

Magurudumu yakiwa chini, mtu autikise usukani kidogo kushoto na kulia. Wewe ishike ile endi kwa kiganja. Ukihisi boli, ule mpira wa chuma, inagonga ndani ya kikombe chake, kifaa ndicho kibovu. Lakini kama shina lake ndilo linalocheza kwenye tundu la nako (chuma kinachobeba gurudumu), nati haikukazwa, au mchongoko wa shina, yaani jinsi linavyopungua unene, haulingani na tundu. Hapo muuzaji anaweza kuwa na hoja, ingawa kama alikuuzia kwa jina la gari lako, mchongoko usiolingana ni wake.

Piga picha na video kabla hujafungua. Mpelekee pamoja na risiti, kwa maandishi; maneno ya simu huyeyuka. Na usikubali kuchomelewa! Mimi hurudisha tairodi ya zamani, kama ni nzima, kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.