Wasomaji Wanauliza: Ramani ya Nani Anamfuata Nani

Swali kutoka Morogoro: Ndugu Mhariri, salaam. Nina tovuti niliyoitengeneza kwa kujifurahisha tu, inayochora ramani ya akaunti za Mastodon (mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi zinazojitegemea) zinazoandika Kiswahili pamoja na wote wanaofuatwa na akaunti hizo. Kila akaunti ni nukta, na kila ufuasi ni mstari unaounganisha nukta mbili. Zilipokuwa akaunti 200 ramani ilisomeka vizuri. Sasa zimefika 5,000, ukurasa unakwama kwenye simu, na hata ukifunguka kinachoonekana ni fundo la nyuzi. Je, ninunue seva yenye nguvu zaidi?

Jibu: Hapana, Ndugu msomaji. Fedha yako ibaki mfukoni, kwa sababu kazi inayoukwamisha ukurasa huo haifanywi na seva bali na kivinjari cha mgeni wako. Programu nyingi za kuchora ramani za namna hii huzipanga nukta kwa kuigiza nguvu za asili: nukta zote husukumana, na zile zilizounganishwa kwa mstari huvutana, mpaka zote zitulie mahali pake. Ukipima kila nukta dhidi ya kila nyingine, nukta 200 zinatoa jozi 19,900, ilhali nukta 5,000 zinatoa jozi 12,497,500, na hesabu hiyo hurudiwa mara mamia kabla picha haijatulia. Mwaka 1986 wanaastronomia Josh Barnes na Piet Hut walichapisha njia ya mkato kwa ajili ya kukokotoa mvutano wa nyota, ambayo huhesabu kundi lililo mbali kana kwamba ni kitu kimoja. Maktaba ya D3, yaani mkusanyiko wa msimbo wa kuchora takwimu kwenye kurasa za wavuti, inaitumia njia hiyo tayari, lakini hata kwa msaada huo simu ya bei nafuu hulemewa.

Kwa hiyo fanya upangaji mara moja tu, kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa programu ya bure kama Gephi, kisha hifadhi mahali pa kila nukta katika faili. Mgeni akifika, kivinjari chake kitachora yaliyokwisha kupangwa. Na ikiwa kila nukta yako ni kipengele cha SVG kinachojitegemea (mchoro ambao kivinjari hutunza kila umbo lake peke yake), hamia kwenye kanvasi, inayochorwa yote kama picha moja, kwa maana vivinjari huchoka upesi vinapobeba maelfu ya vipengele vya namna hiyo.

Hayo yataondoa kukwama, lakini fundo la nyuzi litabaki, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Jacob Moreno, aliyeanza kuchora ramani za mahusiano ya watu huko Marekani katika miaka ya 1930, aliwauliza wanafunzi wa darasa moja ni nani wangependa kuketi naye, akachora wavulana kwa pembetatu na wasichana kwa duara. Michoro yake inasomeka hadi leo kwa kuwa kila mmoja unajibu swali moja. Ramani yako inajaribu kuonyesha kila kitu kwa pamoja, na nadhani hakuna mgeni aliyekuja kutafuta kila kitu. Mfungulie akaunti moja na majirani zake, kisha umwache abofye kusonga mbele. Vilevile mpe nafasi ya kuona wanaofuatana pande zote mbili peke yao, kwa kuwa ufuasi wa upande mmoja mara nyingi ni usomaji tu, wala si uhusiano.

Unaweza hata kuacha kuchora. Tovuti iitwayo Oracle of Bacon, iliyoanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Virginia, humwomba mgeni aandike jina la mwigizaji, nayo hurudisha mlolongo mfupi wa filamu unaomfikisha kwa mwigizaji wa Marekani Kevin Bacon. Ni maneno matupu, na yanatosha. Kutafuta njia fupi namna hiyo ni kazi nyepesi kwa akaunti 5,000, hasa ukianzia ncha zote mbili na kukutana katikati.

Jambo moja la tahadhari, ikiwa utazipaka nukta rangi kulingana na makundi ya akaunti zilizounganishwa sana. Njia ya Louvain, iliyochapishwa mwaka 2008 na watafiti waliokuwa Ubelgiji na Ufaransa, hugawa mtandao kwa haraka na kwa ustadi, lakini matokeo yake yanaweza kubadilika kidogo kila inapoendeshwa. Usiwape watu jina la kundi kana kwamba wamejiandikisha wenyewe.

Swali kutoka Mombasa: Mtu mmoja ameniandikia akitaka aondolewe kwenye ramani yangu ya nani anamfuata nani, inayofanana na hiyo ya Morogoro. Taarifa zake ziko wazi kwa kila mtu. Je, nina wajibu wa kumwondoa?

Jibu: Mwondoe, dada yangu, tena leo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mhusika haki ya kupinga taarifa zake kushughulikiwa. Lakini hata kama isingekuwapo, ningekupa jibu hilohilo. Kufuata akaunti moja ni tendo dogo, ila mistari yote ikikusanywa mahali pamoja husema mambo ambayo mwenyewe hakuyasema. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha kwamba orodha ya marafiki wa Facebook inaweza kutumika kukisia mwelekeo wa kimapenzi wa mtu aliyenyamaza juu ya jambo hilo. Katika nchi zetu ubashiri wa aina hiyo unaweza kumharibia mtu maisha.

Kumwondoa si kufuta nukta peke yake. Futa mistari yake yote, hakikisha kitafuta njia hakipiti kwake, na weka alama ya akaunti yake, iliyofichwa kwa msimbo ili isionyeshe jina lake, katika orodha ya waliokataa, la sivyo ukusanyaji ujao utamrudisha. Kumbuka pia kwamba Mastodon humruhusu mtumiaji kuficha orodha ya anaowafuata na wanaomfuata. Aliyeificha ameshajibu, na ni makosa kumjenga upya kupitia orodha za wenzake.

Swali kutoka Kigoma: Nami nina ramani kama hizo. Nikusanye taarifa upya kila baada ya muda gani?

Jibu: Mara moja kwa mwezi inatosha kwa tovuti ya kujifurahisha. Mastodon kwa kawaida huruhusu maombi 300 (yaani mara programu yako inapoiomba seva taarifa) kwa kila dakika 5 kwa akaunti moja, na ombi moja hurudisha watu wasiozidi 80, kwa hiyo mtu anayefuata akaunti 2,000 anakugharimu maombi 25. Seva nyingi huendeshwa kwa michango ya watu, hivyo kaa chini kabisa ya kikomo hicho. Andika tarehe kwenye kila mstari, na seva isipojibu, uache mstari wa zamani na tarehe yake badala ya kuufuta, kwa sababu seva iliyozimika kwa siku moja haina maana kwamba watu wake wameacha kufuatana.