Uliza nani anamsubiri nani

Katika miaka yote niliyosimamia miradi nimeona kwamba kazi nyingi hazichelewi mikononi mwa mtendaji. Huchelewa njiani, zikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Ripoti iko tayari ila inangoja saini. Vifaa vimefika, lakini fundi wa kuvifunga hajaambiwa. Kila unayemuuliza anakujibu kwa dhati kuwa upande wake umekamilika, na mradi umesimama palepale.

Kwa hiyo kwenye kikao cha wiki sianzi na "umefikia wapi?" Nauliza: "Unamsubiri nani, na yeye anajua kwamba anasubiriwa?" Hicho kipande cha pili ndicho chenye uzito. Mara nyingi mtu wa upande wa pili wa meza huinua kichwa ghafla, kumbe hakuwa na habari. Hapohapo naandika jina lake, kitu kinachotakiwa na tarehe. Jina la mtu, si la idara, kwa sababu ukiandika idara kila mmoja atadhani anayehusika ni mwenzake.

Na asilimia sizipokei tena. Kazi inaweza kukaa kwenye asilimia 90 wiki baada ya wiki. Naomba nionyeshwe kilichokwisha, hata kama ni kurasa mbili tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand walibuni mbinu ya kutafuta mfuatano wa kazi zinazotegemeana unaochukua muda mrefu kuliko yote. Kazi iliyomo humo ikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Zilizo nje yake zina nafasi ya kuchelewa kidogo bila kuuchelewesha mradi. Kwa mradi mdogo, karatasi na kalamu vinatosha kuuchora mfuatano huo. Ukishaujua, utaacha kuwakimbiza watu wote kwa pamoja, na utajua saini ipi ya kuifuata wewe mwenyewe leo.

Kabla ya kuanza, jaribu pia zoezi la mwanasaikolojia Gary Klein: iambie timu ichukulie kwamba mradi umeshafeli, kisha kila mtu aandike sababu. Wenye vyeo vya chini huandika mambo ambayo wasingethubutu kuyasema mbele ya mkubwa.

Kwenye programu, yaani mpango mkubwa wenye miradi kadhaa ndani yake, shida ni ileile ila imekuwa kubwa zaidi. Kila meneja anautetea mradi wake, na ule upenyo kati ya mradi na mradi hauna mwenyewe. Mafunzo yakiisha miezi mitatu kabla ya mfumo mpya kuwashwa, meneja wa mafunzo amewahi ratiba yake, na wafanyakazi wameshasahau walichofundishwa. Nakusihi upiganie mapema awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuuchelewesha mradi mmoja kwa makusudi ili mwingine uufikie, na mamlaka hayo yaandikwe kabla meneja yeyote hajaanza kutumia bajeti yake.