Mirija ya kaboni: tunaichuja ao tunaichambua?

Mwanafunzi wa kemia wa Bukavu anauliza: asistanti wao kwa TP (masomo ya vitendo) anasema "tunachuja nanotyubu na sabuni", yaani ile mirija midogo sana ya kaboni, mwanafunzi mwenzake anabisha eti ni "kuchambua", na huyu anayeuliza anataka kuandika TFC (kazi ya kumaliza masomo), aweke gani?

Ndugu yangu, mimi niko upande wa mwenzako, ila si kwa yote. Kuchuja kunataka matundu, kikubwa kibaki kidogo kipite. Sasa angalia hiyo mirija: ule wanaouita (6,5), namba mbili za kuonyesha namna kaboni imejikunja, una upana wa nanometa kama 0.76, (7,5) una 0.83, chujio gani itaona tofauti hapo? Kazi inafanywa na ile sabuni, inajipanga juu ya kila mrija kufuatana na upana wake, na kama unapitisha umeme sawa metali ao ni semikondakta (unapitisha nusu-nusu), njo densiti, uzito kwa nafasi ile ile, zinaachana kidogo, halafu ukizungusha kwa santrifuji, mashini ya kuzungusha, ya mbio sana kila aina inasimama kwa kimo chake. Mtafiti Mark Hersam na wenzake kule Marekani walionyesha hivyo 2006, na rangi unaziona kwa macho, mustari wa zambarau wenye (6,5) uko juu, kijani chini yake. Hiyo ni kuchambua kabisa, sawa mama anavyochambua maharagi kwa lungo.

Lakini kuna kazi inatangulia. Mirija ikitengenezwa inatoka imeshikana mafungu mafungu, kwa hiyo kwanza wanaitia ndani ya maji yenye sabuni na kuitikisa na mawimbi ya sauti mpaka kila mmoja uachane na wenzake. Ile ni kutenganisha, ao kutawanya, usiiite kuchambua, juu ukitumia neno moja kwa kazi zote mbili msomaji atazani ni hatua moja.

Tena angalisho, kuchambua ni "analyser" ya Kifaransa pia, yaani kuchunguza. "Tulichambua mirija" mtu anaweza kusoma eti muliipima tu, basi ongeza "kwa muundo", inatosha.

Na hiyo sabuni? SDS (sodium dodecyl sulfate) sawa, iko hata ndani ya dawa ya meno. Ila kolati ya sodiamu, ile iliyotumika kupata huo mustari wa zambarau, ni chumvi ya nyongo, na nyongo nani anaiita sabuni? Andika surfaktanti, yaani kitu kinachojishika juu ya mrija na kuufanya ukae ndani ya maji, uieleze mara ya kwanza, kisha endelea: surfaktanti hii, surfaktanti hizi. Mrija umechambuliwa, mirija imechambuliwa, na tafazali si "mamirija", mirija ni wingi tayari.