Mwekundu wa bwawani, wa manjano, na yule aliyening'inia msituni: ni kereng'ende wangapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha sayansi shule ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Wanafunzi wangu wamepiga picha za kereng'ende kwa simu yangu. Wa kwanza ni mwekundu mwili mzima, alitua kwenye ubua bwawani. Wa pili ni wa manjano iliyofifia, bwawa hilohilo. Wa tatu tulimwona msituni, njia ya kupandia Amani: mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, mrefu kuliko kidole changu cha kati, ananing'inia kivulini na mabawa kayakunja. Darasa limegawanyika. Wengine wanasema mwekundu ni dume na wa manjano ni jike wake, wengine wanasema ni aina mbili. Na karibu wote wanasema yule mwembamba ni mtoto, atanenepa akikua. Niwajibu nini? Na tukitoka tena tutazame nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na huyo anayeitwa mtoto, maana hapo darasa zima limepotea, na watu wazima wengi wamepotea nalo. Kereng'ende akishakuwa na mabawa haongezeki hata unywele. Utoto wake wote huupitisha majini, akiwa tunutu asiye na mabawa, akiwinda viluwiluwi vya mbu na vidudu vingine na kuambua ngozi kila inapombana. Siku ikifika hupanda ubua au jiwe, ngozi hupasuka mgongoni, naye hujivuta nje. Ukubwa anaotoka nao hapo ndio atakaokufa nao. Yale maganda makavu ya kahawia yaliyoshikilia mabua pembeni mwa bwawa ndiyo nguo za utotoni alizozivua. Waambie wanafunzi wayatafute.

Basi mwembamba wenu ni mtu mzima, tena si wa ukoo wa wale wawili. Kereng'ende wa huku wamegawanyika makundi mawili makubwa, wanene na wembamba, lakini msiwapime kwa unene. Watazameni macho. Macho ya mnene ni makubwa mno, hufunika karibu kichwa chote, na kwa wengi hukutana utosini. Ya mwembamba yamekaa pembeni kabisa, kushoto na kulia, na katikati pana nafasi ya kutosha jicho la tatu. Mtoto aliyewahi kwenda mnadani kwa wavuvi akamwona papa mbingusi ataelewa mara moja: kichwa ni cha namna ile.

Baada ya macho, mabawa. Kwa mnene, bawa la nyuma ni pana kuliko la mbele pale linaposhikana na mwili. Kwa mwembamba yote manne yanalingana, na kwa wengi wao kila moja huanza na kikonyo kama jani. Mnene akitua huyaacha wazi. Mwembamba kwa kawaida huyakunja mgongoni. Nimesema kwa kawaida, kwa sababu wembamba wa jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) ya Lestes hutua na mabawa nusu wazi, na hao wamewahi kuwachanganya hata wanafunzi wa chuo. Macho nayo yana mtego wake. Ictinogomphus ferox, mkubwa mwenye michirizi myeusi na ya manjano, apendaye kutua kwenye kijiti kilichosimama majini, ana macho yasiyogusana ingawa ni mnene halali. Ndiyo maana nataka mtazame macho na mabawa pamoja, msitegemee kimoja.

Na yule anayekuja taani usiku, mwenye mabawa marefu na vipapasio virefu vyenye vinundu nchani, si kereng'ende hata kidogo. Watoto wake ndio wale wachimbao vishimo vya mviringo mchangani kunasa sisimizi. Vipapasio vya kereng'ende ni vifupi kama vinyweleo. Picha ya simu huwa haivionyeshi.

Sasa mwekundu. Kwa picha mliyotuma, huyu ni Crocothemis erythraea, dume. Naomba darasa lielewe kwamba sikumjua kwa wekundu wake, kwa sababu bwawa moja la Tanga laweza kuwa na wekundu wa aina kadhaa. Nimemjua kwa fumbatio, ile sehemu ndefu ya mwili nyuma ya kifua, lililo pana na bapa, kwa miguu ambayo nayo ni myekundu, na kwa doa dogo la rangi ya kaharabu kwenye shina la bawa la nyuma. Jirani yake Trithemis arteriosa ni mwekundu vilevile, ila miguu yake ni myeusi, fumbatio lake ni jembamba, na kuelekea ncha pana weusi ubavuni. Aliyetazama rangi peke yake atawaita wote jina moja, na atakuwa amekosea nusu ya siku yake.

Wa manjano ni aina ileile. Ule mstari mweupe mgongoni, katikati ya mabawa, unanitosha kusema hivyo. Lakini waliosema "jike" wasishangilie bado. Dume mchanga wa aina hii hutoka majini akiwa wa manjano kama mama yake, na wekundu humjia baada ya siku kadhaa akikomaa. Picha yenu imepigwa kutoka juu, nami siwezi kuapa kama ni jike au kijana wa kiume.

Kinachoamua kiko tumboni. Fumbatio la kereng'ende lina pingili kumi. Hesabuni kutoka kifuani: chini ya pingili ya pili dume ana kinundu, jike hana, chini pake ni laini. Kinundu hicho ni ajabu inayostahili kipindi kizima cha darasa. Dume hutoa mbegu kwenye ncha ya mkia, akazihamishia kwenye kinundu mwenyewe, kisha humkamata jike nyuma ya kichwa kwa vibanio vya mkiani. Jike hukunja fumbatio lake hadi kinunduni. Wale wawili mnaowaona wameshikamana wamefanya umbo kama la moyo ndio wako katika tendo hilo. Hakuna wadudu wengine wenye utaratibu kama huo. Nimewaeleza watoto wa rika zote na hawajawahi kucheka zaidi ya dakika moja. Baada ya hapo huuliza maswali mazuri sana.

Rangi itawahadaa tena na tena. Madume wa jenasi ya Orthetrum wakikomaa hujipaka unga wa buluu-kijivu, kama waliopakwa chokaa, na alama zote za ujanani hufutika. Hao, ninyi andikeni "Orthetrum" mkaishie hapo. Kwa wengi wao hata mimi nataka kuona kinundu kwa kioo cha kukuzia kabla ya kutaja jina la pili, lile la aina. Jike mchanga wa Ischnura senegalensis, kijembamba cha madimbwini, huweza kuwa wa rangi ya chungwa wakati dume ni mweusi mwenye buluu karibu na mkia.

Kinachosaidia kuliko rangi ni mwenendo. Mkitembea ukingoni mwa bwawa, au nyuma ya ng'ombe, mkaona weusi wenye utepe mweusi bawani wanawafuata miguuni na kutua chini, hao ni Brachythemis leucosticta. Hawawapendi ninyi, wanafuata vidudu vinavyofurushwa na hatua zenu. Anayepepea polepole kama kipepeo, shina la bawa la nyuma likiwa na doa jeusi lenye mng'ao, ni Rhyothemis semihyalina. Na wale wa manjano-dhahabu wanaojaa angani juu ya uwanja wa mpira nyakati za vuli, wasiotua saa nzima, wakitua hujining'iniza wima kwenye kijiti, ni Pantala flavescens. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyewafuatilia kwa miaka akiwa Maldivi, alieleza kuwa wengi huvuka bahari kutoka India hadi Afrika Mashariki wakibebwa na pepo. Upepo wenyewe ni kaskazi, uleule ulioleta majahazi Pangani na Tanga. Tunutu wao huishi kwenye madimbwi ya mvua na hukua upesi, kabla maji hayajakauka.

Mkitoka tena, kila kereng'ende apigwe picha tatu: kutoka juu, kutoka ubavuni, na ya bawa moja kwa karibu ili kile kidoa cha ukingoni karibu na ncha kionekane. Ubavuni ndiko watu husahau, na ndiko kinundu kilipo. Nendeni saa mbili au saa tatu asubuhi, miili yao ikiwa haijapata moto sawasawa. Sogeeni mmeinama, kivuli chenu kisimfikie. Andikeni tarehe, mahali, kama maji yanatiririka au yametuama, kama ni juani au kivulini, na alivyotua. Hawana mwiba, watoto wasiogope.

Nimemweka wa tatu mwisho kwa sababu picha yake imeninyima usingizi. Urefu ule, msitu wa chini, kivulini, mbali na mto: vyote vinanielekeza kwa Coryphagrion grandis, wa misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji. Ndugu zake wa karibu hawako Afrika, wako misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Naye, kama wao, hatagi bwawani wala mtoni. Hutaga kwenye maji ya mvua yaliyotuama katika matundu ya miti, na tunutu wake hukulia humo akila viluwiluwi vya mbu. Mti wenye tundu ukikatwa, bwawa lake limekatwa.

Nataka picha yake ya ubavuni, mwalimu. Ila Amani msiingie na nyavu. Ni hifadhi, kibali kinahitajika, na katika vijito vya huko anaishi Amanipodagrion gilliesi, aliyepewa jina mwaka 1962 na Elliot Pinhey kwa heshima ya Gillies, mtafiti wa malaria wa Amani. Hajapatikana mahali pengine popote duniani, na yumo hatarini kabisa kutoweka. Anzeni na miti ya karibu na shule. Mkipata tundu lenye maji, vuteni maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mmimine kwenye sahani nyeupe. Tunutu wa wembamba ana vijani vitatu mkiani, ndivyo anavyopumulia. Mpigeni picha, mhesabu vijani, kisha mmrudishe tundu lilelile pamoja na maji yake.