Kidonda cha mama: kukipima bila kukata nyama

Pole dada. Umeuliza kama kidonda cha kisukari cha mguuni kwa mama kinaweza kufuatiliwa bila kukatwa kipande cha nyama. Kinaweza. Kuna kamera za leza zinazoonyesha damu inavyopita chini ya ngozi, na ultrasaundi pia. Haziumi, ila si kila hospitali inazo.

Nilipomuuguza baba nilipiga picha za kidonda kwa simu tu: kila Jumatatu baada ya kusafisha, rula pembeni isiguse kidonda, mwanga wa dirisha lile lile, bila flashi. Picha ya jana na ya leo hazikwambii kitu. Linganisha za wiki 4. Kisipopungua kufika nusu, mrudishe kliniki.

Ila picha hainusi. Ukisikia harufu, ukiona weusi, usaha au homa, mpeleke leo leo.